Ada, Mshahara na Zawadi: Wanamuziki wa Mwisho wa Reli na Chama Walichokikosa

Fedha humfikia mwanamuziki kwa milango mitatu. Mlango wa kwanza ni ada, yaani kile anachochanga na wenziwe kikamrudia siku ya ugonjwa au ya msiba. Wa pili ni mshahara, anaolipwa na mwenye bendi. Wa tatu ni zawadi, anayopewa na mtu aliyefurahishwa naye au aliyemhurumia. Historia ya wanamuziki wa Tanzania katika miaka mia moja iliyopita ni historia ya watu waliotoka mlango wa kwanza wakaingia wa pili, kisha wakasukumwa mpaka wa tatu. Mlango wa nne, ule wa chama cha kazi kinachodai malipo kwa niaba ya wanachama wake, umebishwa hodi mara nyingi na haujafunguka sawasawa. Anayetaka kuufahamu mwenendo huo hana lazima ya kuanzia Dar es Salaam. Aanzie Kigoma na Ujiji, pale reli inapokoma na ziwa linapoanza, kwani huko ndiko mambo hayo matatu yanakoonekana kwa urahisi zaidi.

Kwengineko duniani mlango huo wa nne ulifunguliwa zamani. Wanamuziki wa Uingereza waliunda chama chao mjini Manchester mwaka 1893. Wenzao wa Marekani wakafuata mwaka 1896 mjini Indianapolis. Nguvu ya chama kama hicho ilidhihirika tarehe 1 Agosti 1942, wanamuziki wa Marekani, chini ya rais wao James Petrillo, walipogoma kurekodi sahani za santuri. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuielewa: sahani inapopigwa redioni na kwenye baa, mpigaji aliye hai hukosa kazi, basi na sahani hiyo imlipe. Kampuni moja kubwa ilikubali mwaka 1943, na nyingine mbili mwaka 1944. Sehemu ya fedha ya kila sahani ikawa inaingia katika mfuko wa chama. Haikuwa hisani ya kampuni. Ilikuwa ni malipo yaliyopatikana kwa sababu wapigaji wote walinyamaza kwa pamoja.

Ufukwe wa Tanganyika nao ulikuwa na ushirika wake, ingawa haukuitwa chama cha wafanyakazi. Ujiji ulikuwa mji wa misafara muda mrefu kabla ya reli. Burton na Speke waliufikia mwaka 1858, na Livingstone alikutana humo na Stanley mwaka 1871. Wote hao waliwakuta watu wa pwani wamekwisha kutia nanga, na mji ukawapokea pia Wamanyema waliotoka ng'ambo ya ziwa. Lugha ya mji ikawa Kiswahili, dini ya wengi Uislamu, na starehe yake ngoma za namna ya pwani. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na katika miaka iliyofuata, ngoma ya beni iliyozaliwa katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 ilisambaa pamoja na askari, makarani na wapagazi. Ikaifuata njia ya reli kuelekea magharibi, ikavuka hadi Kongo. Kigoma na Ujiji wakati huo vilikuwa mikononi mwa Wabelgiji, walioviteka mwaka 1916 na kuvikabidhi kwa Waingereza mwaka 1921.

Wakoloni waliiangalia beni kwa jicho la shaka. Waliziona sare, vyeo vya kifalme na vya kijeshi, barua zilizokwenda kutoka mji hadi mji, wakadhani hapa pana njama. Walichokosa kukitilia maanani ni daftari. Pande mbili mashuhuri za beni, Marini na Arinoti, zilikuwa vyama vyenye wanachama, viongozi na michango. Mwanachama akiugua, wenziwe humtazama. Akifa, humzika. Akisafiri akafika mji asiokuwa na jamaa, huwatafuta watu wa upande wake wakampa pa kulala. Kwa mtu aliyeshuka garimoshi katika mji wa ugenini, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko tarumbeta na gwaride. Watu walicheza pamoja kwa kuwa walizikana, na walizikana kwa kuwa walicheza pamoja. Aliyepiga na aliyecheza hawakutengwa na mstari wa malipo, na wote walikuwa watu wa chama.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, mwendo wa kilomita zipatazo 1,250 kutoka bahari ya Hindi. Reli hiyo ilileta mizigo ya Kongo, na ilichukua watu. Jimbo la Magharibi, na hasa nchi ya Waha ya Kasulu, Kibondo na Kigoma, lilifanywa ghala la vibarua. Kuanzia mwaka 1944 ofisi ya wakulima wa mkonge ya kuajiri vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU, iliwakusanya maelfu ya wanaume wa huko na kuwapeleka kwenye mashamba ya Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Mkataba ukiisha wengine walirejea, wengine wakabaki mjini. Hivyo ndivyo Kigoma ilivyozoea kuwapa watu wa mashariki kitu kimoja ambacho daima kilikuwa rahisi kukichukua na vigumu kukilipa ipasavyo, nacho ni nguvu za vijana wake.

Waliobaki mjini walihitaji tena kile ambacho beni iliwapa baba zao. Miaka ya 1930 dansi ilikuwa imeanza kushika nafasi ya beni; Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932. Bendi za mwanzo zilikuwa klabu hasa. Wanachama walichanga, vyombo vikanunuliwa, na vyombo hivyo vikawa mali ya wote. Katika miaka ya 1950 mjini Dar es Salaam zilitokea bendi zilizobeba majina ya kwao: Kilwa Jazz, Rufiji Jazz, Ulanga Jazz. Mwishoni mwa miaka hiyo akatokea Iddi Nhende na Western Jazz, iliyochukua jina lake kutoka lile Jimbo la Magharibi lenye makao yake Tabora na ukomo wake Kigoma. Mtu wa bara aliyefika jiji lile hakuwa na haja ya kuuliza mara mbili wapi akawatafute wenziwe. Ada ilikuwa bado hai, na mpigaji alikuwa bado mwanachama.

Wakati huohuo vyama vya wafanyakazi vilikuwa vikikua. Shirikisho la Wafanyakazi wa Tanganyika, TFL, liliundwa mwaka 1955. Makuli, wakata mkonge na wafanyakazi wa reli walijifunza kugoma, na mgomo mrefu wa reli wa mwaka 1960 ulizidi miezi miwili. Bali wapigaji wa dansi hawakuunda chama cha kazi yao. Sababu yake si kwamba walikosa ujasiri. Wengi wao walikuwa na kazi nyingine mchana: karani, fundi, dereva. Muziki ulikuwa wa jioni na wa mwisho wa juma. Tena, katika klabu mpigaji hakuwa na bwana wa kumgomea, kwani bwana alikuwa yeye na wenziwe.

Bwana alikuja mwaka 1964, na alikuja akiwa amevaa nguo ya chama cha wafanyakazi. Baada ya maasi ya askari ya Januari mwaka huo, viongozi wengi wa vyama walitiwa kizuizini, TFL ikavunjwa, na sheria ikaanzisha chama kimoja tu cha wafanyakazi wa Tanganyika, NUTA, kilichofungamana na TANU. Mwaka huohuo NUTA ikaunda bendi. NUTA Jazz ilikuwa na vyombo vya chama, na wapigaji wake walikuwa waajiriwa wa chama, wenye mshahara wa kila mwezi. Mwimbaji kijana Muhidin Maalim Gurumo alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Hapo ikatokea ajabu ambayo haijazungumzwa vya kutosha. Chama cha wafanyakazi, ambacho popote pengine kingetarajiwa kumtetea mpigaji mbele ya mwajiri, ndicho kilichokuwa mwajiri. Naye mwanamuziki wa chama, alipotaka nyongeza, angeipeleka kesi yake kwa nani?

Fedha za NUTA zilitokana na ada zilizokatwa katika mishahara ya wanachama, na wakata mkonge walikuwa kundi kubwa miongoni mwao. Si kosa basi kusema kwamba mkono wa manamba wa Kasulu ulikuwamo katika bei ya gitaa lililopigwa ukumbini Dar es Salaam. Kwa Marini na Arinoti, ada iliwarudia waliochanga. Kwa NUTA ilirudi kwa njia ya wimbo.

Haitakuwa haki kuubeza mshahara ule. Ulimpa mpigaji kitu ambacho klabu haikuweza kumpa: tarehe. Ilijulikana mwisho wa mwezi ni lini. Muziki ukawa kazi ya mchana kutwa, mazoezi yakawa na saa zake, na mpigaji aliweza kupanga chumba bila ya kuhesabu kiingilio cha mlangoni. Taasisi nyingine zikafuata mfano huo. Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa walikuwa na bendi zao. Kiwanda cha Urafiki kikawa na yake, Umoja wa Vijana ukawa na Vijana Jazz, na Shirika la Bima likawa na Bima Lee. Fedha za kigeni zilipokuwa adimu, katika miaka ya 1970 na 1980, taasisi ndizo zilizokuwa na njia ya kupata vyombo vipya, na klabu za wenye kuchanga zikadhoofika mbele yao. Kwa kifupi, mwanamuziki alibadilisha uanachama kwa ajira. Alipata tarehe, akapoteza daftari.

Aliyepoteza daftari hubakiwa na miguu yake. Tangu wakati huo silaha ya mwanamuziki wa Tanzania imekuwa kuhama. Mwaka 1978 Gurumo na wenziwe kadhaa waliiacha bendi ile ya chama, ambayo sasa chama chake kilikuwa kimegeuka kuwa JUWATA, wakaenda kuiunda Mlimani Park, iliyochukuliwa baadaye na DDC, shirika la maendeleo la jiji. Mwaka 1985 Gurumo akahama tena, mara hii kwenda Orchestra Safari Sound, chini ya mwenye bendi binafsi, Hugo Kisima. Mashabiki walizipokea habari hizo kama wapenzi wa mpira wanavyopokea habari za mchezaji kwenda timu ya mahasimu. Chini ya ushabiki huo yalikuwamo mapatano ya malipo. Kila aliyehama alikuwa akisema: kazi yangu ina thamani zaidi ya hii. Ila alikuwa akisema peke yake, au pamoja na watatu wanne. Kuhama humnufaisha mwenye sauti mashuhuri, wala hakumfaidii kitu mpiga tumba ambaye hakuna anayemwania. Mgomo wa Petrillo uliwanyanyua wote, wakubwa kwa wadogo, ilhali uhamisho humnyanyua mmoja na kuacha pengo nyuma yake.

Kigoma nayo ilikuwa na bendi yake, Lake Tanganyika Jazz, na kwa bendi ya mwisho wa reli tatizo lilikuwa kubwa zaidi. Nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza sahani za santuri. Mahali pa kurekodia, kwa bendi nyingi, palikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ya mkoani ikisikika nchi nzima ilikuwa imepata heshima isiyonunulika, kwani sauti ya Kigoma ilifika Tanga, Mtwara na visiwani usiku mmoja. Lakini utepe ulibaki katika rafu za redio. Ulipigwa tena na tena, miaka nenda miaka rudi, pasipo kuwapo mtu wa kuhesabu mara ulizopigwa na kumpelekea mwenyewe haki yake. Dar es Salaam mpigaji aliweza angalau kuhama akatafuta malipo bora mtaa wa pili. Kigoma kuhama kulikuwa na maana moja tu, kupanda garimoshi. Kama manamba, mpigaji mwenye kipaji alichukuliwa na njia ileile ya reli, na mji ukabaki na kumbukumbu ya sauti yake redioni.

Serikali haikulala. Mwaka 1974 liliundwa Baraza la Muziki la Taifa, BAMUTA. Mwaka 1984 Sheria Namba 23 ikaanzisha Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililopewa jukumu la sanaa zote. Wenye bendi na wapigaji nao walikuwa na CHAMUDATA, Chama cha Muziki wa Dansi. Mwaka 1994 Tanzania ikajiunga na Mkataba wa Berne wa kulinda kazi za sanaa na maandishi, na Sheria Namba 7 ya mwaka 1999 ikaleta COSOTA, chombo cha kwanza nchini cha kukusanya mirabaha ya wanamuziki. Katika miaka ya 2020 sheria ilirekebishwa, COSOTA ikawa ofisi ya usimamizi, na ukusanyaji ukafunguliwa kwa vyama vya wenye haki wenyewe.

Kila kimoja katika vyombo hivi kina kazi yake, na kazi hizo zisichanganywe. Baraza husajili, hutoa vibali, huonya. Ofisi ya hakimiliki hulinda kazi iliyokwisha kutungwa na kurekodiwa. Chama cha wafanyakazi hukaa upande wa pili wa meza ya mwenye ukumbi, kikauliza malipo ya usiku ni kiasi gani, nani atamtibu mpigaji aliyeanguka jukwaani, na mzee wa miaka 70 atakula nini. Mirabaha humfikia mtunzi kwa wimbo wake, lakini mpiga besi aliyeshinda maisha yake yote akipiga tungo za wengine ana mirabaha gani ya kutosha kumzeesha? Huyo anahitaji chama. Na hapo sheria ya kazi ya mwaka 2004, iliyo Namba 6, inamtazama kwa mashaka. Inaruhusu chama cha wafanyakazi kuundwa na waajiriwa wasiopungua 20. Bendi ya watu kumi haifikii hesabu hiyo, na wengi wa wapigaji wa leo hawana mkataba wa ajira hata mmoja wa kuuonyesha. Wanalipwa kwa usiku, kwa tamasha, kwa makubaliano ya simu. Ili wafike 20 ni lazima waliozoea kushindana wakubali kukaa chumba kimoja.

Kwamba wanaweza kukaa chumba kimoja kulithibitika mwaka 2012, na walioonyesha njia walikuwa watu wa Kigoma. Kwa wito wa Zitto Kabwe, aliyekuwa mbunge wa Kigoma Kaskazini, wasanii wa muziki wa kizazi kipya wenye asili ya mkoa huo walikusanyika kwa jina la Kigoma All Stars, wakarekodi wimbo walioupa jina la Kiha, Leka Dutigite, yaani acha tujivune. Miongoni mwao walikuwamo Diamond Platnumz, Mwasiti, Linex, Ommy Dimpoz na Peter Msechu. Wengine walizaliwa Dar es Salaam na hawakuwa na Kiha cha kutosha kuombea maji, ila jina la kwao liliwaleta pamoja kama lilivyowaleta watu wa Western Jazz zaidi ya nusu karne kabla. Ilikuwa fahari ya kweli, na mkoa uliozoea kutajwa kwa wakimbizi na barabara mbovu ulitajwa kwa vipaji. Ila fahari haina daftari la ada, na wimbo ulipokwisha kuvuma kila mmoja alirudi kwenye shughuli zake.

Mwaka uliofuata, 2013, Gurumo alitangaza kustaafu muziki baada ya zaidi ya miaka 50 ya kuimba. Alikuwa amerejea katika bendi ileile ya mwanzo, iliyokuwa imepitia majina ya JUWATA na OTTU na sasa ikijitegemea kwa jina la Msondo Ngoma. Nchi ilisikia kwamba mzee huyo anaondoka jukwaani hana hata chombo cha kumfikisha nyumbani. Diamond Platnumz, mmoja wa wale wa Leka Dutigite, akampa gari mbele ya hadhara. Wengi walisifu, nao walistahili kusifu. Kijana alimheshimu mzee wa kazi yake, na kwa mila za pwani na za bara, amtunzaye mzee hupata radhi. Gurumo alifariki dunia mwezi Aprili mwaka 2014.

Lakini tendo jema lisifiche hesabu iliyo nyuma yake. Mtu aliyetunukiwa gari lile hakuwa mpigaji wa vichochoroni. Alikuwa mwanzilishi wa bendi ya chama cha wafanyakazi wa taifa zima, chama kilichokata ada za malaki ya watu na kuwasemea juu ya likizo na mafao ya uzeeni. Kama yupo mwanamuziki mmoja Tanzania aliyepaswa kustaafu kama mfanyakazi, ni yeye. Akastaafu kwa zawadi. Na zawadi, hata ikiwa kubwa kiasi gani, humfikia mmoja na kuwapita kumi waliosimama nyuma yake na matarumbeta yao. Hutegemea moyo wa mpaji, na kamera kuwapo siku ile. Anayeipokea hushukuru. Anayepokea haki yake hutia saini tu, akaenda zake, na kesho mwenziwe naye huja kutia saini palepale.

Miji ya ziwa haikosi kumbukumbu ya namna nyingine ya kuishi. Watu wa beni hawakuwa na sheria ya hakimiliki, wala baraza, wala redio, wala nyota wa kuwapa magari. Walikuwa na senti chache kila mmoja, na orodha ya majina. Kwa hizo walimzika mgeni asiye na ndugu. Wapigaji wa leo, wa Mwanga, wa Ujiji, wa Kariakoo na wa visiwani, wana simu zinazoweza kupeleka mchango kwa dakika moja, na wana sheria inayowataka wafike 20 tu, nao wathibitishe kwamba kazi yao ni ajira. Hilo la pili ndilo zito, na halitathibitishwa na mmoja mmoja anayehamahama. Kinachotakiwa kwanza ni daftari lile la zamani lifunguliwe ukurasa mpya, na mpiga besi aandikwe jina lake karibu na la mwimbaji, kwa ada iliyo sawa.